Bedford la jeshi: injini yake siitoi

Miaka miwili sasa tangu nilivute hili Bedford MK kwenye uwanja lilikokuwa limeota majani huku Arusha, na kila anayepita gereji bado ananiambia kitu kilekile, toa hiyo injini weka ya Fuso uendelee na maisha. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naandika hapa.

Kwa wasiolijua, MK ni lori la tani nne walilotengenezewa jeshi la Uingereza kuanzia miaka ya 70, linavuta mbele na nyuma, kichwa chake ni cha TK lile la kiraia ambalo wazee wetu wamebebea kila kitu, ila hili juu ya paa lina tundu la duara la askari kuchungulia. Jeshi lilipoyachoka likayauza, kampuni za safari zikayafunga viti vya watalii yakaja mpaka huku, na langu ni mojawapo.

Sasa hiyo injini. Dizeli ya silinda sita, lita 5.4, hakuna kompyuta hakuna sensa, na iko nyuma ya kichwa, unafungua mfuniko wa ubavuni unafanya kazi umesimama chini kabisa. Ni ndugu na ya TK kwa hiyo spea zipo, Pakistani mpaka leo Bedford zinabeba mizigo na spea wanatengeneza wenyewe. Tulipofungua injini na kutoa pistoni tulikuta ringi zimeganda kwa sababu ya kukaa, basi, bloku haina ufa hata mmoja. Mzee anayenifundisha kazi akaipapasa akasema "kijana, hii haijafa, imelala tu." Ukiweka ya Fuso inabidi ukate miguu ya injini kwenye chesisi, gia boksi haikai tena pale pale, propela zote unazipima upya maana kuna gia boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, halafu ukimaliza una lori ambalo hakuna fundi duniani mwenye kitabu chake. Sitaki.

Umeme ndo umenitesa kuliko vyote. Gari la jeshi hili ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo, sasa kuna fundi zamani alitaka kufunga redio akachukua volti 12 kwenye betri moja tu. Inafanya kazi ndiyo, lakini ile betri inayonyonywa haijai kamwe na mwenzake inachajiwa kupita kiasi mpaka inachemka, nilishaua betri mbili kabla sijafuatilia ule waya mmoja mwekundu uliopita chini ya kiti. Kama unataka redio nunua kipunguza volti, unganisha kwenye zote mbili, usiibe betri moja.

Breki tulimaliza kabla hata ya kugusa rangi, na hapo siwezi kubishana na mtu. Upepo unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma breki shuu, na mtu alikuwa ameongezea oili ya kawaida badala ya mafuta ya breki, mipira yote imevimba imekuwa laini kama ubani. Tumebadilisha mipira, paipu zote, tukaosha mfumo mzima.

Na tafadhali sana vijana wa pancha, rimu za haya malori zenye ile pete ya chuma inayobana tairi zinaua. Toa upepo WOTE, toa na kile kidude cha valvu, ndo uguse pete, na wakati wa kujaza pitisha mnyororo kwenye rimu au weka tairi ndani ya kizimba cha chuma, usikae mbele yake. Pete ikiruka haikupi nafasi ya kukimbia.

Msasa nimepiga mwenyewe jioni baada ya kazi, taratibu. Kwanza ikatoka nyeupe ya watalii, chini yake nyeusi na kijani ya jeshi, halafu kwenye bampa zikaanza kuonekana namba za jeshi, tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Nilisimama na msasa mkononi nikashindwa kuendelea. Hapo sijapaka kitu mpaka leo.

Jumamosi tukawasha taa ya msafara. Jeshi walikuwa wanapaka difu ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, rangi nyeupe, wanafunga taa ndogo chini ya bodi ya kuimulika, ili usiku dereva wa nyuma afuate ule weupe na ndege juu isione kitu. Waya wake ulikuwa umekatwa siku nyingi, nikavuta mwingine, difu nikaipaka nyeupe upya. Giza lilipoingia nikazima taa zote za gereji, binti yangu akarudi hatua kama ishirini nyuma, nikabonyeza swichi. "Baba, naiona!" Nikashuka nikaenda kusimama pale alipo, na kweli, duara moja jeupe chini ya lori, kingine chochote huoni.