Mala haitiwi unga

Jirani yangu hapa Kondele, mtaa wa Kisumu, huuza mala, yaani maziwa yaliyochachushwa yakaganda, na kuna wateja wanaoapa kwamba anaitia unga ili iwe nzito. Hatii. Maziwa yana protini iitwayo kaseini, iliyojikusanya katika vifundo vidogo sana vyenye chaji hasi. Vinasukumana, kwa hiyo havishikani. Bakteria wakila laktosi, yaani sukari ya maziwa, hutoa asidi ya laktiki. pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikishuka kutoka karibu 6.7 hadi 4.6, chaji ile huisha, vifundo hukamatana, maji na mafuta yakanaswa humo humo, mala ikawa nzito. Joto la Kisumu huharakisha kazi. Ya jana ilikuwa kali mno (mume wangu aliimaliza). Anayesokotwa na tumbo kwa maziwa ya kawaida huivumilia zaidi mala, maana sehemu ya laktosi imeshaliwa.