Jumapili mtandao ulipokatika Moshi

Januari 2024 dola moja ilikuwa inanipa shilingi 160 za Kenya. Mwisho wa Machi, dola hiyo hiyo ilinipa 132 kwa shida. Serikali ilikuwa imekopa upya ili kulipa deni la Eurobond, mkopo wa dola uliokuwa unaiva Juni, wasiwasi ukapungua sokoni, shilingi ikapanda. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Mimi nilikuwa nalipwa kwa dola na kampuni ya Chicago, kazi ya kukagua na kusahihisha tafsiri za Kiswahili, na kodi ya nyumba yangu ya South B, Nairobi, ilibaki palepale. Hakuna aliyenipunguzia mshahara, lakini kila mwisho wa mwezi ulifika umepungua.

Ng'ambo ya Namanga mambo yalikuwa kinyume. Shilingi ya Tanzania ilikuwa ikishuka taratibu mbele ya dola, kuelekea 2,600. Nilikaa na kalamu usiku mmoja, nikapiga hesabu ya kodi, chakula, nauli na maji, nikaona kazi ile ile niliyokuwa naifanya kwenye meza ya Nairobi ingeweza kunilisha vizuri zaidi nikiwa Moshi. Mamangu, aliye Mombasa, aliuliza kwa nini nisirudi nyumbani kama nataka unafuu. Nilimwambia ukweli: sifanyi kazi vizuri kwenye joto la pwani, na nilitaka mji mdogo wenye hospitali kubwa, soko la maana na hewa ya baridi usiku. Akaniombea dua, nikafunga virago.

Nyumba niliipata Rau kupitia dalali. Aliposikia natoka Nairobi na nalipwa kutoka Marekani, akataja dola 250. Mama mwenye nyumba, muuguzi mstaafu wa hospitali ya KCMC, alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani. Akamkatiza.

"Hii nyumba ni laki tatu. Mwalimu aliyehama alikuwa analipa laki tatu, na huyu mwanangu atalipa laki tatu."

Nililipa miezi sita kwa mkupuo, kama desturi ya huko, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama haki yake. Hata hivyo sikuwa nimefikia nusu ya gharama ya South B kwa miezi kama hiyo. Maneno ya yule mama nimeyafikiria sana tangu siku hiyo. Kila mgeni anayekubali bei ya dola bila kuuliza anampandishia kodi mwalimu atakayekuja baada yake. Sisi tunaohama kutafuta unafuu tunapaswa kuulizia bei ya wenyeji na kuisimamia, si kwa ajili ya mifuko yetu tu.

Masika yalikuwa yamekolea. Mlima Kilimanjaro ulijificha mawinguni siku nzima nzima, kisha asubuhi moja ukajitokeza wote, theluji mpaka mabegani. Nilinunua ndizi na maparachichi Mbuyuni, nikajifunza kuweka uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, mapema kabla mita haijaanza kulia, nikasajili laini ya simu kwa paspoti na alama za vidole. Kazi ilikwenda vizuri. Ilikuwa inafanyiwa ndani ya mfumo wa kampuni, moja kwa moja mtandaoni. Unafungua sentensi, unasahihisha, unahifadhi, inafuata nyingine. Bila mtandao huna hata karatasi ya kuandikia.

Jumapili tarehe 12 Mei, kwenye saa nne na nusu asubuhi, mfumo ukaganda. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikahamia bando la simu, likawa vilevile. Nikaweka laini ya mtandao mwingine, ujumbe wa WhatsApp ukabaki na alama ya saa ndogo pembeni. Nje, mama mwenye nyumba alikuwa ametoka kanisani na ameketi barazani na simu mkononi, akiigeuzageuza. Siku hiyo ilikuwa Siku ya Mama, na binti yake wa Minnesota hupiga kila Jumapili.

"Mwanangu, hebu niangalizie. Huyu mtoto hajanipigia."

Niliangalia. Simu yake haikuwa na tatizo lolote. Jioni redio ikatueleza: Nape Nnauye, Waziri wa Habari wa wakati huo, alikuwa ametoa taarifa kuwa kuna hitilafu kwenye mikongo ya baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo yenyewe ni EASSy na SEACOM, nyaya zinazolala chini ya Bahari ya Hindi na kubeba sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania. Mbaya zaidi, tangu Februari nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, baada ya meli Rubymar kushambuliwa na nanga yake kuburuta sakafuni mwa bahari. Kaskazini kumeumia, na sasa kusini nako kumekatika. Hakuna mtu wa Moshi aliyefanya kosa lolote, lakini Moshi yote ilikaa kimya. Wiki hiyo hata ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa sababu ya mtandao.

Kazi yangu ilitakiwa ifike Jumatatu saa sita mchana ya Chicago, yaani saa mbili usiku kwetu. Ilikuwa maelezo ya matumizi ya dawa, na wengine walikuwa wananisubiri mimi nimalize ndipo waendelee. Simu za kawaida zilikuwa zinapita, nikampigia kaka yangu Mombasa.

"Huku inatambaa, lakini inakwenda," akasema.

Hapo nikaelewa. Mombasa inatua mkongo wa TEAMS, unaopanda moja kwa moja hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, bila kupita kusini wala Bahari ya Shamu. Kenya ilikuwa imejeruhiwa, haikuwa imezimika. Na Kenya iliyo karibu kuliko zote na Rau ni Taveta.

Jumatatu alfajiri mama alinikuta natoka na begi la kompyuta. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nakwenda wapi na mvua hii. Nilipomweleza alirudi ndani, akatoka na chupa ya chai na ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye karatasi. "Ukifika kwenu kwenye mtandao, mtumie ujumbe binti yangu. Mwambie mimi mzima." Akanipa namba imeandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha ya kanisa.

Nilipanda gari la Himo, kisha Noah ya Holili, tumebanana, mvua inapiga kioo, kondakta anaita abiria kila kijiji kama vile gari halijajaa. Kabla hatujafika mpakani, simu yangu iliyokuwa na laini ya Kenya ikatetemeka mfukoni. Kisha tena. Kisha mfululizo, ujumbe wa tangu jana ukiingia mmoja baada ya mwingine. Abiria mwenzangu, mama mwenye ndoo ya maziwa, akanitazama akatabasamu. "Imekubali?" "Imekubali, mama."

Pale Holili na Taveta forodha na uhamiaji wa nchi zote mbili wamewekwa pamoja, unagongewa kutoka na kuingia katika jengo moja. Nikavuka. Taveta nilipata mgahawa wenye umeme na meza ya pembeni, nikamwomba mwenyewe nikae pale mchana kutwa, akakubali mradi ninunue chakula. Niliagiza chai, baadaye wali na maharage, baadaye chai tena. Kasi haikuwa ya Nairobi. Kila sentensi ilizunguka kwanza ndipo ihifadhiwe, na mara mbili mfumo ulinitoa nikaanza kuingia upya. Lakini ulifunguka. Kitu cha kwanza nilichotuma kilikuwa ujumbe wa Minnesota. Huko ilikuwa bado usiku mnene, na jibu likaja papo hapo. Yule binti hakuwa amelala.

Saa kumi jioni nilihifadhi sentensi ya mwisho. Nikamwandikia msimamizi wangu wa Chicago barua fupi: nilipo, kilichotokea baharini, na kwamba ikitokea tena nitahitaji saa za ziada za kusafiri. Wengi wetu tunaofanya kazi za mbali huficha tulipo tukiogopa kuonekana hatutegemeki. Naona mwajiri anayejua njia ya mtandao wako anaweza kupanga kazi. Asiyejua atabaki kukulaumu tu. Akajibu kwamba ameelewa, na tukakubaliana kazi za Jumatatu ziwe zinanifikia Alhamisi.

Nikiwa narudi, afisa wa uhamiaji upande wa Tanzania alifungua paspoti yangu, akaona mihuri miwili ya siku moja.

"Dada, unaishi Moshi? Unafanya kazi gani?"

Nikamweleza yote: kampuni, dola, Rau, mkongo uliokatika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema muhuri wa mgeni una kikomo chake, na kama nina nia ya kukaa nifike ofisi ya Uhamiaji Moshi mapema niulizie kibali kinachonifaa, nisisubiri siku ziishe. Akaniuliza pia kama serikali ya mtaa inanitambua.

Nilifika Rau giza limeingia. Nilimwonyesha mama mwenye nyumba jibu la binti yake. Alilisoma kwa kuliweka mbali kidogo na macho, akalisoma tena, akanirudishia simu. Kisha nikamwambia aliyosema afisa. Hakukaa. Alichukua tochi na mwavuli, tukatembea kwenye matope mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, akanitambulisha kuwa ni mpangaji wake, ametoka Mombasa, anafanya kazi na kompyuta, na kodi amelipa. Mwenyekiti akaandika jina langu kwenye daftari lake, akauliza namba ya paspoti, akasema barua nitaipata kesho asubuhi. Alhamisi niliipeleka Uhamiaji, pamoja na mkataba wangu wa kazi.