Sura tunaigombania, sauti tumeiacha

Juzi nimekesha nabishana na mdogo wangu, na wala siyo kuhusu hela, ni kuhusu Heimdall. Yule mlinzi wa daraja kwenye muvi ya Thor ya 2011, aliyechezwa na Idris Elba, muigizaji mweusi. Mdogo wangu msimamo wake hauhami hata umvute na trekta. "Kaka, yule ni mungu wa watu wa barafuni huko, anakuwaje mweusi? Wangemfanya Mandela mzungu ungekaa kimya?" Hiyo ya Mandela huwa anaitunza kama turufu ya mwisho. Nikamwambia kwanza Mandela aliishi, alikula, alilala, ana kaburi, hao wenzako wanavuka anga kwa daraja la upinde wa mvua na stelingi wao ana nyundo ikiitwa inarudi yenyewe, sasa katika vyote hivyo wewe kilichokukwama kooni ni rangi ya mlinzi wa geti?

Tukacheka, akaenda kulala. Mi usingizi ukagoma, maana lile neno "mlinzi wa geti" lilinirudi mwenyewe. Yaani masaa mawili nimepandisha mishipa ya shingo kumtetea jamaa apate haki ya kusimama mlangoni, stelingi anapita anasalimia anaondoka zake. Nikajiuliza hivi huwa tunabishania kitu sahihi kweli?

Ngoja kwanza nimalizane na hoja ya "fuateni kitabu", yaani vile vitabu vya michoro mashujaa hawa walikotoka, maana inasikika ya haki sana, si ndo alivyochorwa? Sawa, ila angalia alichorwa lini. Superman 1938, Batman 1939, Wonder Woman 1941, halafu lile wimbi jingine, Fantastic Four 1961 na Spider-Man 1962. Hiyo ni Marekani ambayo kule kusini shule, migahawa, hadi bomba za maji ya kunywa zimetengwa kwa rangi, na sheria kubwa ya kupiga marufuku ujinga huo imekuja 1964. Black Panther, shujaa mweusi, katokea 1966, tena kaingia kama mgeni ndani ya kitabu cha Fantastic Four. Sasa studio za leo zinaishi kwa majina yaleyale ya zamani, ndo yanayouza, kwa hiyo ukisema fuata kitabu unasema viti viligawanywa enzi za babu na ugawaji ubaki hivyohivyo, aliyekuta vimejaa asimame.

"Basi waunde wao wapya." Hii nayo naiheshimu na imejaribiwa. 1993 Dwayne McDuffie na wenzake, weusi watupu, wakaanzisha Milestone, kampuni yao ya vitabu vya michoro, huko ndo alikotoka Static, dogo anayecheza na umeme, akapata katuni yake kwenye tivii 2000 mpaka 2004 na ilikuwa kali, iligusa bunduki shuleni, iligusa ubaguzi wa baba wa rafiki yake, vitu ambavyo katuni za watoto zilikuwa zinavikwepa kama moto. Muvi yake kwenye kumbi za sinema? Bado tunasubiri. Aliyefanikiwa sana ni Miles Morales, Spider-Man mweusi, na stori yake inachekesha kidogo. 2010 watu walipiga kelele mtandaoni Donald Glover, muigizaji mweusi, apewe nafasi ya kufanya usaili wa Spider-Man, usaili tu jamani siyo kazi, wengine wakawaka kana kwamba wameibiwa mtoto. Mwaka uliofuata Miles akazaliwa kwenye vitabu, na muandishi wake Brian Michael Bendis amesema mwenyewe alimuona Glover kavaa nguo za Spider-Man kwenye kipindi kimoja cha vichekesho akaona mbona inakaa vizuri. 2018 Miles akapata muvi ya katuni, ikabeba Oscar. Safi kabisa. Ila ona, hata huyo mpya ilibidi aazime jina la mwenye nyumba ndo afunguliwe mlango.

Haya, sasa nilichokuwa nakiwaza nikiwa macho saa tisa usiku ni hiki. Hao wote wanaolilia uaminifu kwa mhusika, walikuwa wapi kwenye sauti?

Maana kwenye katuni sura haimdai mtu kitu, mchoraji anachora, halafu mtu anaingia chumbani na kipaza sauti, hakuna anayemuona. Na humo chumbani kwa miaka na miaka mambo yalikuwa hivi: Dokta Hibbert wa katuni ya The Simpsons, daktari mweusi, sauti ni ya Harry Shearer, mzungu, kuanzia 1990 hadi 2021. Apu, Mhindi mwenye duka, ni Hank Azaria, mzungu, tangu 1990 mpaka alipojitoa mwanzoni mwa 2020. Cleveland, mweusi wa katuni ya Family Guy, ndo balaa, huyo kaanza 1999, akapendwa mpaka akapewa kipindi chake mwenyewe, The Cleveland Show, 2009 hadi 2013, familia nzima ya watu weusi na baba wa nyumba anaongea kwa mdomo wa Mike Henry, mzungu. Miaka yote hiyo sikusikia mtu anasema jamani hii siyo asili ya mhusika. Ikaja kubadilika Juni 2020, Marekani inawaka moto baada ya kifo cha George Floyd, ndani ya siku chache Mike Henry akatangaza anaachia, Jenny Slate akaachia Missy wa Big Mouth, Kristen Bell akaachia Molly wa Central Park, wazungu wawili waliokuwa sauti za mabinti wenye damu nyeusi, na The Simpsons wakasema kuanzia sasa mzungu hataigiza tena sauti ya asiye mzungu. Yaani kitu cha miaka thelathini kikaisha kwa wiki moja. Inaonesha haikuwa ngumu, hakuna aliyetaka tu.

Na hata baada ya hapo. Mwaka huohuo 2020 ikatoka Soul, muvi ya kwanza ya studio ya katuni ya Pixar yenye stelingi mweusi, Joe, mpiga piano, sauti ya Jamie Foxx. Nimeipenda, muziki umetulia, vinyozi, nywele, ngozi vimechorwa kwa heshima kabisa. Lakini kuna sehemu kubwa katikati Joe anatolewa kwenye mwili wake anaingizwa kwenye paka, na ndani ya mwili wa Joe inaingia roho nyingine ambayo sauti yake ni Tina Fey. Kwa hiyo unaangalia mwili wa mwanaume mweusi unatembea mtaani, anakaa kwa kinyozi, anaongea na mama yake, na sauti inayotoka ni ya mwanamke mzungu. Najua stori ina sababu zake na sisemi walikusudia ubaya. Nasema tu, muvi ya kwanza. Ya kwanza kabisa! Mngemuacha basi akae na mwili wake mpaka mwisho.

Asubuhi nikamtupia mdogo wangu hoja yangu mpya kabla hata hajapiga mswaki. Huyu mtoto ni mbishi ila siyo mjinga, akanipiga na swali moja zuri: "Mbona Bart Simpson ni mwanamke anaongea? Goku kwa Kijapani ni bibi mzima." Kweli, Bart, yule mtoto wa kiume, ni Nancy Cartwright, na Goku wa Dragon Ball ni Masako Nozawa, ameanza naye 1986 na ni mama wa heshima zake. Halafu akaongeza, "Na yule wa katuni ya Samurai Jack ni Mjapani, sauti ni ya Phil LaMarr, mweusi, mbona hiyo huisemi?" Hapo aliniweza kidogo, Phil LaMarr ndo huyohuyo Static na ndo John Stewart, Green Lantern wa katuni ya Justice League ya 2001, namkubali kupita maelezo, na mtoto wa Kijapani aliyekosa kazi ya Jack naye angekuwa na lake la kusema.

Nikakaa nayo. Jibu langu, na sijui kama limemtosha, ni kwamba sanaa ya sauti yenyewe ni kujifanya mtu mwingine, hilo silipingi na sitaki tufike mahali kila mtu aigize kabila lake tu, hata mwenye katuni ya jiwe atafute jiwe. Tatizo ni njia kuwa ya upande mmoja. Mzungu aliruhusiwa kuwa daktari mweusi, Mhindi, Mchina, mnyama, na bado alikuwa anaigiza wahusika wazungu wote, ambao ndo walio wengi. Mweusi alikuwa anaitwa kukiwa na mhusika mweusi, na hata hapo hakuwa na uhakika wa kuitwa. Wanawake kuigiza watoto wa kiume hakujawahi kuwafungia wanaume mlango wa kazi hiyo. Ukihesabu nani anakula mezani unaona tofauti.

Na sauti siyo tu nani anaongea, ni anaongea vipi. Hapa ndo namkumbuka Chadwick Boseman. Alisimulia kwamba kabla hajaanza kumcheza T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda huko Afrika, kulikuwa na wasiwasi kwenye studio, lafudhi ya Kiafrika si itawachosha watazamaji, vipi akiongea Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani? Akakataa. Na sababu yake ni nzuri mpaka basi: Wakanda haikuwahi kutawaliwa na mtu, sasa huyo mfalme Kiingereza cha London kakisomea kwa nani? Akashika lafudhi yake, na Kixhosa kikaingia kwenye muvi kwa sababu mzee John Kani, aliyecheza baba yake kwenye Captain America ya 2016, ndo lugha yake ya nyumbani. 2018 Black Panther ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na sikusikia mtazamaji aliyerudishiwa kiingilio kwa sababu ya lafudhi. Kama angekubali kirahisi tungepata sura zote zile nzuri, na nguo za Ruth E. Carter zilizobeba Oscar, halafu mfalme anafungua mdomo anatoka mtangazaji wa redio ya London.

Storm, yule shujaa wa X-Men anayeamrisha hali ya hewa, yeye hakuwa na bahati hiyo. Huyu kwenye vitabu, tangu 1975, mama yake ni Mkenya. Mkenya! Halle Berry alipomcheza kwenye X-Men ya 2000 alijaribu lafudhi fulani, ya wapi sijui, ukisikiliza ni kama inatafuta nchi ya kutua, na muvi iliyofuata ya 2003 lafudhi ikawa imeyeyuka kimyakimya, hakuna maelezo, kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye daladala. Storm wangu mimi ni wa katuni ya miaka ya tisini, sauti ya Alison Sealy-Smith, ile nzito ya kuamrisha radi kama anaiita mbwa wake, na 2024 walipoirudisha ile katuni walimrudisha na yeye, nikajikuta natabasamu peke yangu. Sura ya Storm kwenye muvi watu wamebishana, weupe wa ngozi ya waigizaji wanaochaguliwa na kadhalika, na wana hoja. Ila sauti sahihi ilikuwepo muda wote kwenye katuni, hakuna aliyefikiria kujifunza pale.

Kwa haraka tu kabla sijasahau, Eternals ya 2021 wengi hawakuipenda na mimi nilisinzia mara mbili, lakini Makkari, mmoja wa mashujaa wake, walimpa Lauren Ridloff, kiziwi wa kweli, anaongea kwa alama za mikono, na kwenye vitabu Makkari alikuwa mwanaume mzungu anayesikia vizuri. Yeye ndo pekee niliyemkumbuka baada ya muvi kuisha.

Ninachokitaka mimi ni kama kile cha The Wild Robot, 2024. Lupita Nyong'o, binti aliyekulia Kenya, ni sauti ya roboti. Roboti halina rangi, halina kabila, lingeweza kupewa mtu yeyote duniani na wakampa yeye, na ndo stelingi, muvi nzima imesimama kwenye koo lake. Zamani sauti nyeusi ikipata kazi kubwa hivyo ilikuwa ni ya kufichwa, Darth Vader, yule adui mwenye kofia nyeusi wa Star Wars, 1977 anaongea kwa sauti ya James Earl Jones, sauti iliyotisha dunia, halafu kofia ilipokuja kuvuliwa 1983 ndani kuna mzee wa kizungu.

Mdogo wangu akaniambia basi mbona Frozone, shujaa wa muvi ya katuni ya The Incredibles, mweusi na sauti ni Samuel L. Jackson, kila kitu kimekaa sawa, unataka nini tena. Nikamwambia kweli, nampenda Frozone, japo ni rafiki wa stelingi. Nikamuuliza, mke wake je, Honey, yule anayegombana naye kuhusu ile suti yake, ana sura gani?

Akafikiria. "Si mrefu hivi... ngoja."

Tukaweka ya 2004, tukaweka na ya 2018. Anasikika vizuri tu, anafoka kabisa. Haonekani hata mara moja.