Soda mpya ya machungwa: vita iko kwenye friji

Machungwa ya Muheza ni mazuri, lakini soda haiuziki kwa tunda. Inauzika ikiwa baridi, na friji ya Mangi, mwenye duka la mtaani, mara nyingi ni ya kampuni kubwa inayokataza chupa ya mwingine ndani. Anza na deli la barafu.

Kwa lita moja: sukari gramu 100 hivi, asidi ya sitriki (ya kutia uchachu) gramu 2. Onja ikiwa baridi. Ya vuguvugu hudanganya utamu. Mafuta ya ganda la chungwa, yanayotia harufu, yasiposhikana na maji huelea, na baada ya siku chache shingoni mwa chupa unaona pete ya rangi. Mteja anadhani imeoza! Benzoeti, dawa ya kuzuia soda isiharibike, usiiweke pamoja na vitamini C: juani huweza kuzaa benzini, ambayo ni sumu.