Kuchora jahazi kwa TheDraw: kumbukumbu ya mradi wangu

Nimeanza mradi ambao nimeutamani kwa muda mrefu: kuchora skrini ya kukaribisha ya BBS kwa programu ya TheDraw, kwa vitufe vilevile na mipaka ileile waliyokuwa nayo wachoraji wa mwisho wa miaka ya 1980. Picha yenyewe ni jahazi linalotweka tanga. Sharti nililojiwekea ni hili: kwa modemu (kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu) ya biti 2,400 kwa sekunde, skrini nzima itokee ndani ya sekunde 10.

Kwa ambao hawakuzikuta BBS, ilikuwa kompyuta ya mtu, mara nyingi nyumbani kwake, iliyofungwa kwenye laini ya simu. Unapiga namba, modemu mbili zinaitikiana, unasoma ujumbe wa waliotangulia, unaacha wako, unachukua faili, kisha unakata ili mwingine apate nafasi. Ya kwanza iliitwa CBBS. Ward Christensen na Randy Suess waliifungua Chicago tarehe 16 Februari 1978, nayo ilionyesha maandishi matupu. Rangi zilipata njia baada ya mfumo endeshi wa MS-DOS 2.0 wa mwaka 1983 kuja na faili la ANSI.SYS, lililoifundisha kompyuta ya IBM kuelewa amri zinazoanza na alama ya 27, yaani ESC. Amri moja hubadilisha rangi, nyingine husogeza kielekezi, nyingine husafisha skrini. Mwaka 1986 Ian E. Davis akatoa TheDraw, na mtu asiyejua amri hata moja akaweza kuchora kwa kusogeza kielekezi na kubonyeza vitufe. Programu ikamwandikia amri zote.

Huku kwetu teknolojia hii ilifika ikiwa na kazi nzito zaidi ya picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa na nodi, yaani kituo, ya Fidonet, mtandao alioubuni Tom Jennings mwaka 1984, nayo ilibeba barua za mashirika yasiyo ya kiserikali. Barua zilikusanywa, zikabanwa, zikatumwa kwa mkupuo mmoja wa simu, kwa sababu kila dakika ya simu ya kimataifa ilikuwa pesa nyingi. Nikiwafikiria watu wale, sioni haki kutengeneza skrini nzuri inayokula muda wa mpigaji. Sekunde 10 zimetoka hapo.

Vifaa

Natumia TheDraw toleo la 4.63 ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS, kwenye laptopu ya kawaida. Karibu kila kitu katika TheDraw kiko chini ya kitufe cha Alt: rangi, kunakili eneo, kufungua, kuhifadhi. Vitufe vya F1 hadi F10 vinaandika alama za kuchorea, na seti za alama zinabadilishwa. Tatizo ni kwamba mifumo ya leo hunyakua baadhi ya mchanganyiko wa Alt kabla haujafika kwenye programu, kwa hiyo nilihamisha vichache kupitia kihariri cha vitufe cha DOSBox chenyewe. Baada ya hapo kila kitu kikakaa sawa. Programu inafunguka papo hapo, skrini nyeusi, kielekezi juu kushoto, na unaanza kazi.

Chumba na nusu chumba

Turubai ina safu mlalo 25 zenye vyumba 80 kila moja, jumla vyumba 2,000; chumba ni nafasi ya alama moja. Mimi natumia safu 23 tu. Programu nyingi za kupigia BBS huweka mstari wa taarifa chini kabisa, na alama ikiandikwa kwenye chumba cha mwisho cha skrini, skrini nzima hupanda safu moja na picha inapoteza kichwa. Chumba cha 80 cha kila safu nakiacha wazi pia, kwa sababu hiyohiyo ya kujikunja kwa mistari.

Alama zinazofanya kazi ni chache. Kwenye jedwali la IBM la alama 256, namba 219 hujaza chumba chote, 220 hujaza nusu ya chini, 223 nusu ya juu, 221 kushoto, 222 kulia. Halafu kuna 176, 177 na 178, ambazo ni vumbi jepesi, la kati na zito. Kwenye VGA, kadi ya kuonyesha picha ya kompyuta za IBM, chumba kina urefu wa takriban mara mbili ya upana, kwa hiyo ukikikata nusu kwa 220 na 223 unapata vipande vinavyokaribia mraba: gridi ya 80 kwa 50. Mteremko wa foromali, boriti inayobeba tanga, unawezekana kwa sababu ya nusu hizo. Kwa vyumba vizima ungepata ngazi.

Vumbi nimelitumia kwa uangalifu. VGA halisi huonyesha maandishi kwa pikseli 9 za upana ilhali alama imechorwa kwa 8, na pikseli ya tisa hurudia ya nane kwa alama za 192 hadi 223 tu. Miraba na mistari inaungana vizuri. Vumbi liko nje ya kundi hilo, kwa hiyo kati ya chumba na chumba hubaki ufa mwembamba wa wima. Wachoraji wa wakati ule waliuona ufa huo kila siku. Mimi nimeweka vumbi majini, mahali ambapo mistari haiharibu kitu, na tanga nimeliacha safi.

Rangi mbili tu

Hapa ndipo nilipotumia jioni nyingi, na ndipo ninapoipenda kazi hii zaidi.

Kila chumba kina rangi mbili: ya mbele na ya nyuma. Ya mbele unachagua kati ya 16. Ya nyuma unachagua kati ya 8 zilizofifia tu, kwa sababu ile biti ambayo ingeipa ukali ilipewa kazi ya kumemetesha alama. Baadaye wasanii wa iCE, kundi lililoanzishwa mwaka 1991, waliigeuza biti hiyo itoe rangi kali za nyuma, lakini mpigaji asiye na mpangilio huo angeona picha yote inawaka na kuzima. Skrini yangu ni ya kila mpigaji, kwa hiyo nimebaki na 8.

Maana yake ni kwamba rangi mbili kali haziwezi kukaa chumba kimoja. Chukua pale maji yanapogusa ubavu wa jahazi: samawati kali chini, kahawia juu. Ukitumia alama 223, nusu ya juu, rangi ya mbele ni kahawia na samawati inalazimika kuwa ya nyuma, nayo itafifia. Geuza, tumia 220: samawati kali inakuwa ya mbele, kahawia inakwenda nyuma bila kupoteza chochote. Picha ni ileile kwa jicho, ila umeigeuza ndani. Nimepita ukingo mzima wa chombo nikiuliza swali hilohilo kwa kila chumba: nani kati yenu anahitaji ukali? Huyo aje mbele.

Pagumu ni pale ukingo wa chini wa tanga, mweupe mkali, unapokaribia ubao wa juu wa chombo niliotaka uwe manjano kali. Wote wawili wanataka mbele. Hakuna alama itakayowasuluhisha. Nimeutia ukingo wa tanga kijivu, ambacho ni nyeupe iliyofifia na kinakubali kukaa nyuma, na kumbe ndivyo kivuli kinavyoangukia tanga kweli. Nilipoona hivyo nilielewa kwa nini kazi za wakati ule zina kijivu kingi kati ya rangi kali: kinawapatanisha majirani.

Tanga linavyofunguka

Faili la ANSI, yaani faili la alama na amri zile za ESC, ni safari ya kielekezi. Kompyuta inayopokea haingoji faili liishe. Inachora kila baiti, yaani kila herufi, inapofika. Kwa biti 2,400, kila herufi ikibebwa na biti 10 pamoja na ya kuanzia na ya kumalizia, zinafika herufi 240 kwa sekunde. Jicho linaweza kuzifuata. Kwa hiyo mpangilio wa kuchora ni sehemu ya picha, na mchoraji anayehifadhi tu kutoka juu kwenda chini ameacha nusu ya uwezo wake mezani.

TheDraw inalijua hilo. Ina hali ya uhuishaji ambamo hukumbuka ulianza wapi ukaenda wapi, na hurudia safari hiyo kwa anayetazama. Nimeitumia kupanga jahazi kwa utaratibu wa baharini. Kwanza maji, kisha chombo, kisha mlingoti. Halafu foromali, kwa sababu tanga hukunjwa na kufungwa kwenye foromali kabla ya kutwekwa, na hufunguka likiwa tayari juu. Ningelipandisha tanga kutoka chini kama pazia, kila mtu wa pwani angejua kwamba aliyechora hajawahi kusimama bandarini.

Uchumi wa baiti nao ukaamua jahazi litazame wapi. Foromali ina ncha ya chini upande wa omo, mbele ya chombo, na ncha ya juu upande wa tezi, nyuma yake. Kielekezi kikiandika alama hujisogeza chenyewe kulia, na kukipandisha safu moja kunagharimu baiti 3 tu: ESC[A. Kwa hiyo mstari unaopanda kuelekea kulia ni rahisi mno: alama, panda, alama, panda. Mstari unaopanda kwenda kushoto ungenidai kurudi nyuma vyumba viwili kila hatua. Basi omo iko kushoto, tezi kulia, na foromali inapanda kwa kasi inayopendeza.

Tanga lenyewe nilitaka lishuke kutoka foromali kwa mistari ya wima. Nikapiga hesabu: kila alama ingehitaji kushuka na kurudi, baiti 6 za ziada. Safu mlalo kuanzia ncha ya juu zinatosha. Kila safu inaanza na amri ya mahali, kama ESC[12;40H yenye baiti 8, halafu nyeupe inamiminika mfululizo. Kwa mwendo wa 240, jicho linaona tanga likishuka na kujaa upepo.

Mzani wa baiti

Anga nimeiacha nyeusi. Ni alfajiri kabla ya mwanga, na weusi ni bure: skrini ikishasafishwa, TheDraw huruka vyumba vitupu kwa amri kama ESC[20C, baiti 5 badala ya nafasi 20. Anga ya buluu ingedai baiti moja kwa kila chumba, na sekunde zangu zingeishia angani.

Maji sikuweza kuyapunguza vile. Kuna amri ya kufuta hadi mwisho wa safu ambayo ingeweza kupaka buluu kwa baiti tatu, lakini si terminali zote (programu zinazopokea na kuonyesha maandishi haya) zinazopaka rangi ya nyuma zinapofuta. Nimelipa safu za bahari chumba kwa chumba.

Mwanga nao una bei. Kutoka kahawia kwenda manjano ni kuongeza ukali, ESC[1m, baiti 4. Kurudi kahawia, ANSI.SYS haina amri ya kuondoa ukali peke yake; lazima ufute kila kitu kwa sifuri kisha utaje rangi upya, ESC[0;33m, baiti 7. Kwa hiyo kwenye ubavu wa chombo nimepanga rangi zitoke gizani kwenda kwenye nuru mara moja tu kwa kila safu, kushoto kwenda kulia. Mwanga wa jahazi langu unatoka upande wa tezi.

Neno KARIBU

TheDraw ina fonti kubwa za aina tatu: za muhtasari, za mraba na za rangi. Nimechagua ya mraba. KARIBU, herufi 6, inakaa vizuri. KARIBUNI ingebana pande zote mbili. Nimeliweka juu kushoto, sehemu ambayo foromali haifiki, na linatumwa mwisho, tanga likishajaa.

Hivi sasa

KARIBU.ANS liko chini kidogo ya baiti 2,400, yaani ndani ya sekunde 10. Kuipima nimeandika programu fupi ya Python inayosoma faili, inageuza alama kutoka jedwali la IBM kwa kodeki ya cp437, na kuzitoa moja moja kwa mwendo wa 240 kwa sekunde. Inafanya kazi vizuri, isipokuwa terminali za leo hazikubaliani kuhusu kahawia: baadhi huionyesha kama manjano iliyochakaa, na chombo kinaonekana cha mchanga. Nimeweka rangi za VGA kwa mkono kwenye mipangilio ya terminali na mbao zimerudi.

Kazi inayofuata ni kupunguza amri zinazojirudia. TheDraw hukata mistari mirefu kwa kuhifadhi mahali pa kielekezi, kushuka mstari, kisha kurudi palepale; baiti hizo hazina kazi kwa faili linalotumwa moja kwa moja. Nikiziondoa nitapata nafasi ya mawimbi matatu mbele ya omo, kwa samawati kali, yakichorwa baada ya tanga kujaa na kabla ya neno KARIBU.