Vumbi la Dodoma liliniulia injini: ninavyolikabili sasa kwenye mbio za vigari vya rimoti

Injini yangu ya kwanza ilikufa mwezi wa Agosti, na wala haikugonga kitu. Iliuawa na vumbi, kidogo kidogo, huku mimi nikiamini kwamba naitunza.

Naishi Dodoma. Anayeishi huku anajua kwamba mvua zikishakata baada ya Aprili, hazirudi hadi Novemba au Desemba, na katikati hapo udongo unasagika hadi kuwa laini kama poda. Juu ya udongo huo sisi watu tisa tunakimbiza vigari vyetu, kwenye kiwanja cha familia ya rafiki yangu upande wa Nzuguni. Njia tumeichonga wenyewe kwa majembe: urefu mita 120, upana mita tatu, na matuta matatu ya kurukia. Kigari kimoja kikipita kinaacha mkia wa vumbi nyuma yake. Vikipita vitano kwa pamoja, chako hukioni tena, unaendesha kwa kukisia.

Injini yenyewe ilikuwa ndogo, sentimita za ujazo 3.5, lakini injini za aina hii huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika zikiwa kasi kamili. Zinavuta hewa nyingi mno kwa umbo lake. Pistoni yake haina ringi. Silinda imetengenezwa ikiwa nyembamba kidogo kwa juu, ili pistoni ikifika huko ibane yenyewe na kuziba. Injini ikiwa mpya na baridi, ukiizungusha kwa mkono unausikia ule mbano: inagoma, halafu inapita. Mbano huo ndio uhai wake. Mimi niliupoteza ndani ya wiki sita. Ikawa inawaka vizuri asubuhi, ikishapata moto inazimika, na nilipoizungusha kwa mkono ilipita juu bila kukwama popote.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ea klina nilikuwa naiosha kila Jumamosi bila kukosa. Nikaipeleka injini kwa fundi wa bodaboda mtaani kwetu, kijana ambaye hajawahi kushika kigari cha rimoti maishani mwake. Aliitoa ea klina, akapitisha kitambaa cheupe ndani ya shingo ya kabureta. Kitambaa kikatoka na chenga nyekundu.

"Kaka, unalinda dirisha, mwizi anapita mlangoni," akaniambia.

Akanionyesha pale mpira wa ea klina unapokutana na kabureta. Nilikuwa nauchomeka tu kwa mkono. Kigari kikiruka tuta na kutua, mpira unacheza, panafunguka upenyo mwembamba, na injini inavuta vumbi moja kwa moja bila kupitia kwenye sponji. Halafu akaibonyeza sponji yenyewe. "Na hii mbona kavu? Sponji kavu inazuia majani. Vumbi linanaswa na mafuta." Bodaboda zenye ea klina ya sponji huzipaka mafuta kila akizihudumia, mimi nilikuwa nairudisha kavu, safi, nikijipongeza.

Tangu siku hiyo nina sponji tatu. Moja iko kwenye kigari, moja imeshapakwa mafuta na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki, ya tatu iko kwenye kuoshwa. Naiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji na sabuni, naianika kivulini mpaka ikauke kabisa, ndipo naipaka mafuta na kuikamua hadi rangi ienee sawasawa bila kudondosha. Nikiona sehemu nyeupe imebaki, narudia. Mpira wa shingoni naupaka grisi kidogo kwa ndani, halafu naukaza kwa tai ya plastiki, zile za kufungia nyaya. Juu ya ea klina navalisha kipande cha soksi ndefu ya kike, ya nailoni. Inanasa chembe kubwa na kuipa sponji nafasi ya kushughulika na zile ndogo. Na kitambaa cheupe hakitoki kwenye boksi langu la vifaa. Kila baada ya mbio nakipitisha shingoni. Injini ya pili ina msimu mzima sasa, na mbano wake bado unausikia.

Wenzangu wenye vigari vya betri walidhani jambo hili haliwahusu, hadi feni ndogo inayopoza mota ya mmoja wao ilipojaa vumbi ikasimama, na mota ikachemka hadi ikatoa harufu. Nao sasa wanavalisha soksi.

Beringi zilinifundisha jambo jingine. Nilikuwa na tabia ya kupaka mafuta kila kinachozunguka nikidhani nakifanyia wema. Vumbi likikutana na mafuta kwa nje linageuka msasa, na unazunguka nao siku nzima. Kwa hiyo nje ya kigari sasa ni pakavu. Grisi inakaa ndani ya beringi na ndani ya difu, basi. Nikienda kupuliza vumbi kwa kompresa ya fundi pancha, sielekezi upepo kwenye beringi, maana unasukuma chembe kupita kingo za mpira na kuziingiza ndani. Naanza na brashi ya rangi, ndipo napuliza kwa mbali. Shokapu nazo nazifungua kila mwezi wakati wa kiangazi. Mafuta yakitoka ya kijivu, najua mpira wa kuziba umeshaanza kulika.

Lakini kusema kweli, hayo yote ni kujikinga. Kazi iliyobadilisha mbio zetu ilifanyika ardhini.

Tulianza na chumvi. Mtu alikuwa amesikia kwamba barabara za vumbi hutibiwa kwa chumvi inayovuta unyevu hewani. Tukamwaga maji ya chumvi ya kawaida, hii ya jikoni. Kwa siku mbili pakawa pagumu, halafu ukoko ukapasuka, na vumbi likarudi likiwa na chumvi ndani yake. Beringi zikaanza kushika kutu. Baadaye nilielewa kwamba chumvi inayotumika barabarani ni nyingine, kloridi ya kalsiamu, ambayo huvuta unyevu hata hewa ikiwa kavu. Chumvi ya jikoni inahitaji hewa yenye unyevu mwingi, na hewa ya Dodoma mwezi wa Septemba haina.

Aliyetuokoa ni babu wa rafiki yangu, ambaye alikuwa anakuja kukaa chini ya mbuyu kututazama. Siku moja, baada ya shikamoo, akatuuliza kwa nini tunahangaika na udongo wa juu ilhali kichuguu kile pale. "Sakafu zetu tulizisakafia kwa udongo wa kichuguu, wajukuu zangu. Mnafagia miaka na miaka, hautimki."

Tukabomoa kichuguu kimoja kilichokwisha kuhamwa na mchwa. Tukauponda udongo wake, tukauchekecha, tukautandaza unene wa vidole viwili, tukaulowesha na kuushindilia kwa magogo. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi na umeshikana. Ulipokauka ulikuwa mgumu, na vumbi likapungua tangu siku ile ile. Ubaya wake ni kwamba vumbi dogo linalobaki juu yake linateleza kama unga kwenye sakafu, kwa hiyo tunafagia kabla ya kila mbio na kufuta matairi kwa kitambaa chenye maji.

Maji nayo yana hesabu yake. Lita moja kwenye mita moja ya mraba ni milimita moja tu. Njia yetu ni mita za mraba 360, kwa hiyo madumu 18 yanalowesha kwa milimita moja, na jua la saa nne linaikausha yote. Tukaacha kubeba madumu mchana. Sasa tunatumia tanki la lita 2,000, ambalo linatupa milimita tano na ushee, na tunamwagilia jioni ya siku ya kuamkia mbio kwa keni yenye matundu madogo, ili maji yashuke usiku kucha. Kando ya njia tunatandaza nyasi kavu, kwa sababu vumbi lingine linapeperushwa kutoka pembeni.

Jukwaa la kusimamia madereva tulilihamisha pia. Upepo wa kiangazi huku unavuma kutoka mashariki, kwa hiyo tunasimama upande huo na vumbi linatukimbia. Tatizo ni kwamba mchana jua linahamia mbele yako, na vumbi likimulikwa kutoka nyuma huwa kama pazia. Kwa hiyo tunaanza saa moja asubuhi, jua na upepo vyote vikiwa mgongoni, na mbio ya mwisho inaisha kabla ya saa tano. Wanaoingia njiani kuinua vigari vilivyopinduka wanavaa barakoa, hilo hatulijadili.

Jumapili hii tuna mbio. Tanki limejaa, sponji ya pili iko kwenye mfuko wake, na babu ameshauliza tunaanza saa ngapi.