Nilivyorudi kwenye netiboli na goti bovu, na mama wa Uzbekistan aliyenirudisha

Mimi sio mtu wa jimnastiki kabisa. Utotoni tulikua na samasoti za kwenye mchanga na lile tairi bovu la kurukia, na hata hizo walikua wanapiga wavulana, msichana ukijaribu unaambiwa we si umevaa gauni, shuka hapo. Mchezo wangu ni netiboli. Nimecheza senta toka sekondari, UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, nimefika mpaka timu ya mkoa, nikaja kucheza timu ya kazini, alafu nikazaa wa pili, goti la kulia likaanza vituko, na siku moja nimeruka kudaka pasi nikasikia kitu ndani kimelia ka! kama unavunja muwa. Miaka sita sikugusa mpira.

Nilienda hospitali moja, daktari hata goti hakulishika, akaniuliza umri, nikamwambia, akasema mama we tulia tu lea watoto, akaandika dawa ya maumivu. Nikatulia kweli.

Sasa Julai 2021, Olimpiki ya Tokyo ile iliyosogezwa mwaka mzima kwa ajili ya korona, mdogo wangu akanitumia kivideo na ujumbe: dada muone bibi mwenzio. Nafungua, ni jimnastiki, namuona mwanamke mtu mzima ndani ya kivazi kile cha kubana, nikajua kocha labda anaonyesha kitu. Mara akachomoka mbio, akagusa ile meza kwa mikono, akazunguka hewani, akatua. Alafu akaanza kulia huku anapunga mikono na kutengeneza alama ya moyo kwa vidole, na ukumbi hauna mashabiki hata mmoja sababu ya korona, ila wachezaji wenzie na makocha wamesimama wanampigia makofi. Miaka 46! Anaitwa Oksana Chusovitina, na ile ilikua Olimpiki yake ya nane.

Bando la usiku ule liliisha lote kwa huyu mama. Kumbe kazaliwa Bukhara huko Uzbekistan mwaka 1975, mwaka 1991 anabeba dhahabu ya dunia ya sakafuni akiwa na jezi ya Usovieti, mwaka unaofuata Usovieti haipo tena wakaenda Olimpiki ya Barcelona kama timu ya muungano wakachukua dhahabu ya timu, alafu akaanza kuvaa jezi ya Uzbekistan, kaolewa na mpiga mieleka, 1999 kazaa mtoto wa kiume, Alisher, na mtoto hajafika hata shule akakutwa na saratani ya damu. Wakahamia Ujerumani, Cologne, mtoto atibiwe, na mama akawa anashindana ili hela ya matibabu ipatikane, 2003 katikati ya hayo yote akawa bingwa wa dunia wa voti, ule mruko wa kwenye meza. Baadae akachukua uraia wa Ujerumani, na Beijing 2008, ana miaka 33, akapata medali ya fedha. Mtoto akapona. Hapo ndo nililia mimi, sio Tokyo.

Lakini kilichonitoa kitandani sio machozi, ni hesabu. Nikawa najiuliza huyu kawezaje, maana wasichana wa mchezo huu wengi wanamaliza kabla ya 25. Wanawake wana vifaa vinne: voti, zile fito mbili, ule ubao wenye upana wa sentimita 10, na sakafu. Sakafuni unahangaika karibu dakika moja na nusu. Voti ni mbio za mita 25 haizidi, mruko, kutua, sekunde chache habari imeisha, ingawa kule kutua ndo miguu inalipa. Beijing alikua bado anazunguka vyote vinne, ila mpaka anafika Tokyo kabaki na kimoja tu, hicho cha voti. Alivyoviacha hakuna mtu alimtangazia maombolezo.

Nikajitazama. Mimi senta, senta ni punda wa timu, unakimbia uwanja mzima toka filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho isipokua kwenye maduara ya kufungia. Na kwa nini lazima niwe senta? Mfungaji anakaa kwenye theluthi yake kule mwisho, anasubiri mpira, anatulia, anarusha. Nikasema basi, mimi nakua shuta.

Nikapata kijana mmoja wa fiziotherapia, huyu goti alilishika, akanipa zoezi la kukaa ukutani kama umekalia kiti ila kiti hakipo, dakika moja, mapaja yanawaka moto. Miezi miwili hakuna kuruka hata kidogo. Baba Nasra akamlipa fundi wa kuchomelea atengeneze pete ya nondo, tukaisimamisha uani kimo kile kile cha mita 3 na kidogo, nikawa narusha mia kila jioni. Wiki ya kwanza zinaingia thelathini. Mpira mmoja ulitua kwenye sufuria ya jirani ya maharage, tukalipa maharage. Baada ya miezi mitano nilikua nafika themanini.

Jambo moja tu sikumuelewa huyu mama. Rio 2016, ana miaka 41, alijaribu ule mruko unaitwa Produnova, mizunguko miwili kwenda mbele ambayo wengi wanaikimbia kwa kuogopa shingo, akatua akashindwa kusimama akabiringika, akamaliza wa saba. Nikasema mama una nini wewe, nani kakulazimisha? Wiki mbili baada ya kusema hivo, senta wetu hajatokea, nikanyanyua mkono nikasema nacheza mimi. Goti lilivimba wiki tatu. Nikanyamaza kimya na maneno yangu ya Produnova.

Nikirudi kwenye ushuta, mechi ya kwanza ya bonanza ilikua kichekesho. Tumejipanga, refa ana filimbi mdomoni, yule beki anayenikaba akanitazama akasema shikamoo anti. Marahaba mwanangu. Alafu eti ndo nimsukume! Nikamkumbuka Oksana anashindana na mabinti ambao mwanae anawazidi umri. Nikafunga tisa, nikakosa saba, yule binti alipoona nafunga akaacha adabu akaanza kunikanyaga vizuri tu.

2024 Oksana alikua anaitafuta Olimpiki ya Paris, ingekua ya tisa, akaumia kwenye mashindano ya Asia pale Tashkent mwezi wa tano, tiketi ikaenda. Miaka 48. Siku nimesoma hivo nilimpigia mdogo wangu, akasema atarudi huyo, humjui?

Mimi nina 41 sasa, nacheza nusu ya mechi tu, nusu nyingine nawapigia kelele. Jumamosi nikirudi nyumbani goti lina joto lake, Nasra ananunua barafu za mia mia kwa jirani naziweka juu ya goti zikiwa kwenye mfuko wake. Juzi anauliza, mama nilete za ubuyu au za ukwaju. Nikamwambia za ubuyu weka gotini, za ukwaju lete hapa nile.